Sura ya Nne: Jioni Moja Nuremberg, Mwaka 1557

Mwaka 1891 Max Herrmann, mzaliwa wa Berlin mwenye miaka 26, alipewa ruhusa ya kufundisha katika chuo kikuu cha mji wake. Ruhusa, si mshahara. Vyuo vya Wajerumani vilikuwa na daraja hilo la ajabu: mtu ana shahada ya uzamivu, ameandika tasnifu ya pili na kuitetea mbele ya maprofesa, anaruhusiwa kutangaza mihadhara yake, lakini riziki yake ni ada wanayotoa wanafunzi watakaopenda kuja kumsikiliza. Wenye bahati walikaa kwenye daraja hilo miaka michache, kisha wakaitwa mahali fulani kushika kiti cha uprofesa. Herrmann alikaa miaka 28.

Sababu ya kwanza haihitaji kutafutwa mbali. Herrmann alikuwa Myahudi. Katika Ujerumani ya Kaisari hapakuwa na sheria iliyomkataza Myahudi kuwa profesa. Kulikuwa na desturi tu, na desturi haina mahakama ya kukatia rufaa. Mlango wa fasihi ya Kijerumani ulibana zaidi ya milango mingine, kwa kuwa wenye somo hilo walijiona walinzi wa roho ya taifa. Sababu ya pili aliitafuta mwenyewe: aliacha njia iliyonyooka ya somo lake, akaenda kuchunguza kitu ambacho wenzake hawakukihesabu kuwa elimu.

Siku hizo tamthilia chuoni ilikuwa maandishi. Ilisomwa kama ushairi unavyosomwa. Miswada ya Goethe na Schiller ililinganishwa, ikatafutwa iliyotangulia, ikajadiliwa nani alichota kwa nani. Kwamba maneno hayo yaliwahi kutoka mdomoni mwa mtu aliyevaa maleba, mbele ya watu waliolipa kiingilio, wengine wakikohoa na wengine wakichungulia mlangoni, hilo liliachiwa waandishi wa magazeti na wazee wapenda porojo za waigizaji. Herrmann naye alianzia huko huko kwenye maandishi. Kazi yake ya mwanzo ilimhusu Albrecht von Eyb, msomi wa karne ya 15 aliyetafsiri vichekesho vya Plautus kwa Kijerumani. Lakini mwaka 1900 alitoa kitabu kuhusu mchezo mdogo wa Goethe wa mambo ya gulioni, *Das Jahrmarktsfest zu Plundersweilern*, na humo hakuishia kueleza ulivyoandikwa. Alifuata pia ulivyochezwa. Mwaka huo huo alianza kutoa mihadhara ya historia ya maonyesho, na mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanahistoria wa fani hiyo mjini Berlin.

Mtu angeweza kudhani wazo hilo lilimjia akiwa maktabani. Sidhani. Herrmann aliishi katika mji ambao jukwaa lake lilikuwa linabadilika mbele ya macho ya kila mwenye tiketi. Mwaka 1889 kikundi cha Freie Bühne kilicheza *Mizuka* ya Ibsen kwa wanachama wake peke yao, maana onyesho la wanachama lilikwepa mkono wa polisi wa udhibiti. Mwaka 1905 Max Reinhardt alishika uongozi wa Deutsches Theater, na mwaka 1910 alimpeleka Mfalme Edipode kwenye uwanja wa sarakasi, maelfu ya watu wakiwa wamemzunguka. Tamthilia ilikuwa ile ile ya Sofokle, tena ina zaidi ya miaka elfu mbili, lakini aliyeiona kwenye sarakasi hakuona kitu alichokiona aliyeisoma kitandani. Kati ya maandishi na mtazamaji alikuwa amesimama mtu mpya, mwelekezaji, na kila mwenye macho aliona kuwa huyo naye ni mtunzi. Swali la Herrmann lilikuwa la mwanahistoria: kama hivyo ndivyo ilivyo leo, basi ilikuwa hivyo jana pia. Jana hiyo tutaipata wapi?

Jibu lake lilichapishwa mwaka 1914, katika kitabu kinene kuhusu historia ya maonyesho ya Ujerumani katika Zama za Kati na Mwamko wa Ulaya. Nusu yake ya kwanza ina nia moja, na nia hiyo nusura iwe ya kichaa: kuirudisha jioni moja. Si zama nzima wala mtindo wa uigizaji kwa jumla. Alitaka kujua jinsi mchezo mmoja wa Hans Sachs ulivyochezwa katika jengo moja mjini Nuremberg.

Hans Sachs alikuwa fundi viatu. Alizaliwa mwaka 1494, akafa mwaka 1576, na kati ya ngozi na gundi alitunga maelfu ya nyimbo na mashairi pamoja na michezo ipatayo mia mbili. Mchezo aliouchagua Herrmann ni wa mwaka 1557, *Der hürnen Seufrid*, hadithi ya Siegfried mwenye ngozi ngumu kama pembe, muuaji wa joka. Kisanaa ni kazi ya kawaida sana. Mashujaa wanatangaza wanachotaka kufanya, wanakifanya, kisha wanatangaza kuwa wamekifanya. Profesa wa kawaida angeupitia mchezo huo kwa nusu saa na kuurudisha rafuni. Herrmann aliuchagua akijua hayo yote. Kwa mwanahistoria wa jukwaa, alisema, mchezo usio na thamani ya kisanaa unaweza kuwa na maana kubwa kuliko kazi bora kabisa ya fasihi. Sentensi hiyo, katika chuo kilichoishi kwa kumheshimu Goethe, ilikuwa kama kuvaa kandambili msikitini ndani.

Sasa tazama alivyofanya kazi. Alishika maandishi ya Sachs, akaacha mashairi, akasoma maelekezo ya jukwaani: fulani anaingia, fulani anatoka, wanapigana, anaanguka, wanambeba. Kila kuingia na kila kutoka alikufuatilia. Ikiwa mfalme ametoka upande mmoja na mjumbe anaingia papo hapo bila kukutana naye, basi jukwaa lina njia zaidi ya moja. Ikiwa mwigizaji anatoka kama huyu na kurudi kama yule, amepewa mistari mingapi ya kubadili maleba? Joka linatokea wapi, na lilikuwa limejificha wapi kabla ya hapo? Msitu na jumba la kifalme vinawezaje kuwa kwenye mbao zile zile bila mtu kuhamisha chochote? Kisha akaondoka kwenye karatasi akaenda kwenye jengo. Waimbaji na waigizaji wa Nuremberg walitumia kanisa dogo la Mtakatifu Martha, ambalo baada ya Matengenezo ya Kidini lilikuwa limeacha ibada za zamani. Kanisa hilo bado lilikuwa limesimama. Basi Herrmann alizipeleka hesabu zake kwenye kuta zake: nguzo hapa, mimbari pale, hatua kadhaa kutoka huku hadi kule, na jukwaa lililodaiwa na maandishi lazima lienee mahali fulani katikati ya mawe hayo.

Kutoka mbao alihamia kwenye miili ya watu. Maelekezo ya Sachs yanasema aliyefikwa na huzuni anapiga viganja juu ya kichwa. Ukikusanya ishara za namna hiyo kutoka michezo mingi unapata hazina ndogo ya mienendo iliyojulikana na kila mtu aliyeketi pale, kama sisi tunavyojua maana ya mtu kushika kiuno au kujishika tama. Herrmann alidiriki kusema kuwa huo ndio uigizaji wa wakati ule: haukuchimba moyo wa mhusika mmoja mmoja, bali ulichagua alama iliyokubaliwa na wote na kuionyesha kwa wakati wake. Nusu ya pili ya kitabu inachunguza picha zilizochapishwa katika matoleo ya zamani ya tamthilia, likiwemo toleo mashuhuri la vichekesho vya Mroma Terentius lililotoka Lyon mwaka 1493. Hapo alikuwa mkali zaidi. Picha ndani ya kitabu, alionya, si ushahidi wa jukwaa mpaka ithibitishwe. Mchoraji naye ana desturi zake, ana karatasi yake ya kujaza, na pengine hajawahi kuona onyesho hilo.

Ugomvi ulifuata, kama ilivyotarajiwa. Albert Köster wa Leipzig, msomi mwenye jina kubwa kuliko la Herrmann, alitoa kitabu mwaka 1920 akisema jukwaa la Herrmann limewekwa pasipo pake, na vipimo vyake havishiki. Herrmann alijibu kwa kitabu kizima mwaka 1923. Watu wawili wazima wenye heshima zao walirushiana maneno kuhusu mbao zilizong'olewa zaidi ya karne tatu nyuma. Ukiyafuata mabishano hayo leo, unaona wote wawili walikuwa na uhakika uliozidi ushahidi wao. Lakini tazama pia jambo jingine. Kabla ya hapo, kuhusu jukwaa la Sachs mtu alikuwa na maoni. Sasa mtu aliweza kukosea, na mwenzake akaonyesha alipokosea, kwa futi na mlango. Fani ambayo mtu hawezi kukosea ndani yake bado haijawa elimu, na kwa kipimo hicho Herrmann na Köster waliizaa pamoja.

Kuna upande mwingine wa fikra zake ambao umedumu kuliko vipimo. Herrmann alisema chanzo cha maonyesho ni mchezo wa kijamii, unaochezwa na wote kwa ajili ya wote, na hadhira ni mchezaji ndani yake. Mtazamaji hapokei kilichokamilika. Anapumua pamoja na mwigizaji, anaufuata mwendo wake kwa misuli yake mwenyewe bila kuinuka kitini, na asipokuwepo hakuna kilichotokea. Katika makala yake ya mwaka 1931 kuhusu nafasi ya jukwaani alisisitiza kuwa sanaa hii ni ya nafasi kabla ya kuwa ya maneno: mwigizaji anazigeuza mbao kuwa bahari, na waliokaa wanaisafiri bahari hiyo pamoja naye. Mtu aliyelelewa kwenye ngoma, au aliyewahi kusikiliza hadithi inayodai kiitikio, atashangaa kwa nini jambo hilo lilihitaji profesa. Lilihitaji, kwa sababu Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa imezima taa za ukumbini, ikawafundisha watazamaji kunyamaza, kisha ikasahau kuwa walikuwa na sauti.

Cheo kilikuja taratibu. Mwaka 1919, baada ya Kaisari kuondoka, alipewa uprofesa wa daraja la pili. Mwaka 1923, ambao mwezi wake wa Novemba dola moja ya Marekani ilifika Mark trilioni 4.2, chuo kilifungua taasisi ya elimu ya maonyesho chini ya uongozi wake na wa Julius Petersen, bingwa wa Goethe. Vyuo vya Köln, Kiel na München navyo vilikuwa na watu wao, na Bertolt Brecht kijana alikuwa ameshapita kwenye darasa la Artur Kutscher huko München, kwa hiyo sitaingia katika ubishi wa nani alikuwa wa kwanza kabisa. Inatosha kusema taasisi ya Berlin ndiyo iliyotazamwa. Uprofesa kamili Herrmann aliupata mwaka 1930. Alikuwa na miaka 65, na ilikuwa imepita miaka 39 tangu apewe ruhusa ya kufundisha.

Aliushika miaka mitatu tu. Aprili 1933 jumuiya ya wanafunzi wa Kinazi ilibandika mabango yenye hoja 12 katika vyuo vya Ujerumani, moja ikidai kuwa Myahudi hufikiri Kiyahudi tu, na akiandika Kijerumani anasema uongo. Maprofesa wengi walipita mbele ya mabango hayo wakitazama viatu vyao. Herrmann alimwandikia waziri barua. Alisema heshima yake imejeruhiwa, kwamba yeye anaandika, anafikiri na kuhisi kama Mjerumani, na kwamba hatakanyaga chuoni mabango hayo yakiwa ukutani. Hakuna aliyeyatoa kwa ajili yake. Tarehe 10 Mei vitabu vilichomwa katika uwanja uliotazamana na chuo, na kabla mwaka haujaisha Herrmann alikuwa ameondolewa kazini.

Miaka mitano baadaye, tarehe 12 Novemba 1938, amri ya Goebbels, waziri wa propaganda, ilipiga marufuku Wayahudi kuingia kwenye kumbi za tamthilia, sinema na muziki. Mtu aliyeifundisha Ujerumani kuwa hadhira ni nusu ya onyesho akawa hana ruhusa ya kuwa hadhira. Herrmann hakuhama nchi. Alibaki Berlin na mkewe Helene, mwanamke msomi wa fasihi aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1904, wakati wanawake wenye shahada hiyo Berlin walikuwa bado wa kuhesabika, na akaendelea kuandika kitabu chake cha mwisho. Swali la kitabu hicho ni lini, na kwa nini, mtu alianza kuigiza kama kazi ya kumlisha, katika nyakati za kale na kisha tena katika Ulaya mpya.

Septemba 1942 walipelekwa kwenye kambi ya Wanazi ya Theresienstadt. Max Herrmann alikufa huko tarehe 17 Novemba, akiwa na miaka 77. Helene aliuawa Auschwitz mwaka 1944.

Kilichofuata ni historia ya chuo zaidi ya historia ya mtu, na haipendezi. Hans Knudsen, aliyekuwa mwanafunzi wake, alihariri *Die Bühne*, jarida la chombo cha Wanazi kilichosimamia maonyesho, akapewa uprofesa Berlin, na baada ya vita akaanzisha taasisi ya fani hiyo katika Freie Universität, upande wa magharibi wa mji uliogawanyika. Mswada wa mwisho wa Herrmann ulinusurika, ukahaririwa na Ruth Mövius na kutoka upande wa mashariki mwaka 1962. Kwa miongo kadhaa jina lake lilikuwa la tanbihi tu. Aliyelirudisha mbele ni Erika Fischer-Lichte, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu ujumi wa utendaji alimtaja Herrmann kama chimbuko la wazo kwamba onyesho huzaliwa kati ya mwigizaji na mtazamaji. Fischer-Lichte alikuwa akifundisha katika taasisi ile ile iliyoanzishwa na Knudsen.

Chuo cha zamani cha Herrmann, upande wa mashariki, kilipewa jina la Humboldt mwaka 1949. Huko ndiko Ebrahim Hussein alikokwenda kufanya uzamivu wake miaka ya 1970, akiandika kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. *Kinjeketile* ilikuwa imetoka mwaka 1969, *Mashetani* mwaka 1971. Sidai kuwa alikuwa mfuasi wa Herrmann. Berlin ya Mashariki ya siku zile ilikuwa ya Brecht. Lakini *Jogoo Kijijini*, iliyochapishwa mwaka 1976 pamoja na *Ngao ya Jadi*, ni kazi ambayo ukurasa wake peke yake hautoshi. Imejengwa juu ya mtambaji mmoja aliyesimama mbele ya watu, na nusu yake iko kwa hao watu.

Hapa ndipo nisingependa kumwacha Herrmann alale kwenye makumbusho ya Wajerumani. Tamthilia za Kiswahili zinatahiniwa zikiwa maandishi. Mtahiniwa anaulizwa dhamira, wahusika, tamathali za usemi, na anaweza kupata alama zote bila kujua iwapo tamthilia hiyo imewahi kuchezwa. Wakati huo huo, nchini Kenya, vikundi vya waigizaji vimezunguka shule kwa shule kuigiza vitabu vya mtihani, *Kifo Kisimani*, *Mstahiki Meya*, *Kigogo*, mbele ya wanafunzi wanaocheka pasipotarajiwa na kumzomea mhusika mpaka anasimama kusubiri. Ukitaka kujua *Kigogo* ilikuwa nini kwa kizazi kimoja cha Wakenya, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye zile kumbi za kulia chakula zilizopangwa viti. Nani ameandika viti vilipangwaje, waigizaji walikuwa wangapi, nani alicheza nafasi ngapi, na ni wapi walipofupisha?

Tanzania hali ni ngumu zaidi, na kwa macho ya Herrmann inavutia zaidi. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre vilijaza kumbi za Dar es Salaam kwa maonyesho ya saa nyingi: ngoma, sarakasi, vichekesho, taarabu, na mchezo wa kuigiza katikati yake. Michezo hiyo kwa kawaida haikuandikwa. Waigizaji walikubaliana kisa, wakapanga nani atafanya nini, mengine yakazaliwa jukwaani kufuatana na walivyopokelewa. Huko hakuna maelekezo ya jukwaani ya kuhesabu, wala toleo la kwanza la kulinganisha na la pili. Msomi anayeingoja tamthilia hiyo ichapishwe ndipo aichunguze atangoja hadi kiama.

Hata hivyo, tuna kitu ambacho Herrmann hakuwa nacho. Yeye alikuwa na fundi viatu aliyekufa mwaka 1576 na kanisa tupu. Kanisa lenyewe lilinusurika mabomu ya vita, likashika moto mwaka 2014, likafunguliwa tena mwaka 2018. Sisi tuna mashahidi. Aliyekuwa na miaka 25 alipopanda jukwaani mwaka 1988 yuko karibu na miaka 65 sasa. Anakumbuka mlango aliotokea, nguo aliyovaa na ya nani aliyoazima, na sehemu ambayo watu walikuwa wakirusha pesa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio naye yupo. Vipeperushi vipo kwenye masanduku, picha ziko kwenye albamu za harusi pasipo maelezo, na kaseti zinaliwa na ukungu. Kama wewe ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho na unatafuta mada ya tasnifu, usianzie maktaba. Mtafute mzee mmoja wa kikundi kimoja, mwombe akuchoree jukwaa la jioni moja tu, na uende mwaka huu.